Kabati Mbele ya Mlango

Futi alikuwa anacheka, penseli sikioni, mkono wa mchumba wake ulipomkuta shavuni.

Hakuuona ukija. Alisikia mlio kwanza, kama ubao mwembamba uliovunjiwa gotini, kisha akajikuta amekaa sakafuni katikati ya makochi mapya ambayo bado yalikuwa na nailoni zake, na mdomoni ana ladha ya chuma. Penseli ikaviringika mpaka kwenye kiatu cha mchumba huyo, Injinia. Injinia akaikanyaga, ikalia kah!

"Cheka tena," alisema. "Cheka nikuone."

Msomaji wangu, hapo nitawaacha kidogo nirudi nyuma, maana kofi halizaliwi siku linapopigwa. Lina mimba yake. Na mimba hiyo watu huiona ikikua, wakaipa jina la mapenzi.

Jina alilozaliwa nalo msichana huyu lilishasahaulika pale chuoni. Walimwita Futi kwa ajili ya ile futi ya chuma aliyoichomeka kiunoni, kila anapoingia anaivuta anapima. Kazi yake ilikuwa kupanga vyumba: nini kikae wapi, mwanga uingilie wapi, mtu apite wapi asijigonge goti. Chuo kilikuwa kimempa stoo iliyo chini ya bweni la wasichana, stoo ya vitanda vibovu na panya wenye afya njema, aigeuze kuwa ukumbi wa mapumziko. Walitaka mahali pa mwanafunzi kusoma, kupiga soga, na hata kulia kama ana la kumliza, bila kujifungia chumbani peke yake.

Kazi yenyewe aliianza kwa kuuliza. Wiki nzima alikaa ngazini na daftari: ukiingia ukumbini, wewe hupenda kukaa wapi? Alidhani watamwambia karibu na soketi, au dirishani. Wakamjibu neno moja, kila mmoja kwa namna yake: nakaa ninapouona mlango. Mwakilishi wao, msichana mfupi mwenye sauti ya kusikika ghorofa tatu, ndiyo maana wakamwita Spika, alimwambia akicheka, "Dada Futi, sisi siyo kuku wa kufungiwa bandani. Tuwekee na pa kutokea."

Basi Futi akachora milango miwili. Mmoja kwenye korido, wenye kitasa. Mwingine nyuma, ule wa tangu enzi za stoo, unaofungukia uani kwenye kamba za nguo, komeo lake likifunguka kwa ndani na kwa nje. Akachora kioo kirefu upande wa korido, ili anayepita aone ndani na aliye ndani amwone anayepita. Makochi aliyataka ya migongo mifupi. Juu ya mlango wa korido akaagiza kile kimkono cha chuma kinachourudisha mlango taratibu, usibamizwe ukawashtua wanaosoma.

Siku ya kwanza ya kupima, hakuwa na wa kumshikia. Akasikia hatua nyuma yake, akanyoosha ncha ya futi bila kugeuka.

"Kaka, nishikie hapo mwisho."

"Mimi nikishika siachii," ikajibu sauti.

Akageuka. Mwanamume alikuwa amechuchumaa kule ukutani, mkono wa shati umekunjwa, vumbi la saruji kwenye nyusi, anamtazama kama mtu aliyeletewa maji akiwa na kiu. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa ujenzi, wote wakimwita Injinia. Futi alisahau kusoma kipimo. Ilibidi apime ukuta ule mara tatu, na mara zote tatu yule bwana alishika ile ncha akatabasamu. Jioni ile msichana wa watu aliirudia sentensi ile moja kitandani mpaka usingizi ukamchukua. Nikishika siachii. Alidhani ni asali.

Miezi minne baadaye Injinia akaja kujitambulisha nyumbani. Baba yake Futi alishafariki. Waliokuwepo ni mama mtu, mshonaji wa kujitegemea, na shangazi, ambaye tangu kaka yake azikwe alijihesabu yeye ndiye baba wa nyumba. Mgeni alikaa vizuri, akasifu chai, akaahidi mema. Kisha simu yake ikalia. Fundi mmoja alikuwa amekosea kumwaga zege. Injinia akainuka akatoka nje kuongea, na akiwa anatoka alibamiza mlango hivi kwamba kopo la vifungo likaruka kutoka kwenye cherehani, vifungo vikatapakaa chini ya viti. Aliporudi alikuwa anatabasamu kama hakuna kilichotokea, na vifungo vimejaa sakafu nzima.

Mgeni alipoondoka, mama alipiga magoti akaviokota kimoja kimoja.

"Mwanangu, umeona alivyofunga mlango?"

"Mama, ni hasira za kazi tu."

"Sawa. Lakini mlango haukumkosea kitu."

Shangazi akapasuka kwa kicheko. "Wifi, nawe! Ulitaka mkwe anayefunga mlango kwa ncha ya kidole kama mwizi wa kuku? Mwanamume ni kishindo. Kaka yangu je, hakuwa na kishindo?"

"Kaka yako alikuwa na kishindo akicheka," mama alijibu. Tangu siku ile akawa na kazi mbili, kushona foronya za mito ya ule ukumbi na kuogopa.

Harusi ikapangwa. Kadi zikagawiwa. Na ndipo Injinia alipoanza kuusema ule mlango wa nyuma.

Hakuanza kwa ukali. Hawaanzi kwa ukali, wenye mabinti mnisikilize hapa. Alianza kwa sauti laini, kidevu chake kikiwa begani kwa Futi, wameinama wote juu ya ramani.

"Huu wa uani wa nini, mpenzi?"

"Wasichana waliuomba."

"Utakuwa njia ya wahuni. Weka kabati la vitabu hapo, refu, mpaka juu. Litapendeza."

"Lakini nimewaahidi."

"Na mimi je? Mimi nikikuomba kitu kimoja tu?" Akambusu nyuma ya sikio. "Nifanyie hicho. Nijue na mimi nimo moyoni mwako."

Futi akachukua kifutio. Alifuta mlango kwa mkono wake mwenyewe, akapuliza vumbi la kifutio, akachora kabati. Hakuwahi kumfutia mteja yeyote jambo alilolijua ni sahihi, lakini huyu hakuwa mteja.

Seremala aliyepewa kabati lile alikuwa mzee mmoja waliyemwita Mzee Randa, mtu wa maneno machache na tambi za mbao kwenye ndevu. Aliitazama ramani mpya, akaikumbuka ya kwanza.

"Binti yangu, uliuliza wasichana hamsini, ukaja kumsikiliza mmoja ambaye hata hapa halali?"

"Ni mabadiliko madogo tu, mzee."

"Haya." Akamgeukia Injinia. "Nilikaze ukutani kwa skrubu ngapi?"

"Nane. Lisitikisike."

Mzee Randa akakohoa, akachukua bisibisi.

Sasa turudi kwenye siku ya kofi. Ilikuwa alasiri, kesho yake ndiyo ufunguzi. Mama mlezi wa wanafunzi alikuwa amekuja kukagua. Alikaa kila kochi, akabonyeza kila mto, akafurahi. Kisha akasimama mbele ya kabati akiwa na ile ramani ya zamani mkononi.

"Hapa si palikuwa na mlango?"

Injinia alifungua mdomo. Futi akamtangulia. Tuseme ukweli, jambo hilo lilikuwa limemnyima usingizi wiki mbili.

"Palikuwa na mlango, mama. Niliufuta mimi, na nilikosea. Kabati litahama leo hii hii."

"Basi lihamisheni," alisema mama mlezi, akaenda zake.

Mafundi walikuwa wametoka kwenda kula. Wawili wakabaki peke yao na harufu ya rangi mbichi. Kioo cha korido kilikuwa kimebandikwa magazeti kisirukiwe na rangi, hivyo aliyepita hakuona ndani. Futi alijiona mwepesi kama aliyetua gunia. Akamgeukia mchumba wake, akamtania.

"Pole Injinia wangu. Kabati lako limefukuzwa kazi!"

Akacheka. Ndipo likaja lile kofi.

"Umenivua nguo mbele ya yule mama," alisema Injinia huku amesimama juu yake.

"Mimi? Nimesema nimekosea mimi. Jina lako nimelitaja?"

"Ndiyo hiyo! Mimi, mimi, mimi! Ukumbi wako, ramani yako, wasichana wako. Mimi nani hapa? Mshika futi?"

Akaenda mlangoni. Futi alimwona akizungusha ufunguo, akautoa, akautia kwenye mfuko wa shati. Alifanya hivyo kwa utulivu, kama mtu anayefunga ofisi. Hapo ndipo Futi alipoogopa, maana kofi lingeweza kuitwa hasira, lakini ufunguo mfukoni ulikuwa mpango.

"Fungua mlango."

"Tutaongea kwanza."

"Fungua, tutaongea nje."

"Nje kuna nani? Yule seremala wako mzee? Au ndiye anayekufundisha kunipinga?"

"Umerukwa na akili. Yule ni babu yangu kwa umri!"

Akajaribu kumpita. Injinia akanyoosha mkono akashika ncha ya futi pale kiunoni, akavuta. Ukanda wa chuma ukatoka ukilia. Akamzungushia kwenye kifundo cha mkono mara moja, mara mbili, akakaza. Chuma cha futi ni chembamba kama wembe ukikipa nguvu, na yeye alikipa. Damu ikachuruzika kwenye namba zile ndogo ndogo, ikaanza kudondoka kwenye kochi, pale nailoni ilipopasuka.

"Unaniumiza! Niachie!"

"Nilikuambia siku ya kwanza," alisema kwa sauti ile ile laini ya begani. "Nikishika siachii. Hukusikia?"

Alisikia. Alikuwa ameisikia sentensi ile miezi sita.

Futi akamuuma mkono. Aliuma kama mnyama, mpaka akasikia ngozi ikikatika kwenye meno. Injinia akapiga ukelele, akalegeza, na msichana akajitoa. Nyuma yake ikaruka meza fupi, ikapasukia ukutani. Kikafuata kiti. Kiti kilimpata kiunoni akayumba, akashika mgongo wa kochi, akaendelea. Akili haikumwambia aende wapi. Miguu ndiyo iliyojua, kwa sababu njia ile aliichora yeye, hatua saba kutoka kochi la kati hadi mlango wa uani, bila kitu cha kujikwaa.

Moja, mbili, tatu. Ya saba ikafika. Viganja vyake vikagonga mbao.

Kabati. Refu, mpaka juu, kama lilivyoombwa.

Alilipiga kwa ngumi. Nyuma ya mbao zile, upana wa kidole tu, kulikuwa na mlango, na nyuma ya mlango uani, jua, nguo zinakauka. Aliuchora yeye. Aliufuta yeye. Akapuliza na vumbi.

Mkono ukamshika nywele kwa nyuma.

Sitayaeleza yote. Mwenye kuyajua anayajua, na asiyeyajua Mungu amwepushe. Alipigizwa kwenye kochi, akainuka. Alipigwa teke la mbavu, akatambaa. Mwisho alisukumwa kwenye kile kioo cha korido, bega likatangulia, na magazeti yaliyokuwa yamelowa rangi yakachanika chini ya vidole vyake. Likapatikana tundu la kiganja kimoja.

Upande wa pili wa tundu, Spika alikuwa anapita na ndoo ya nguo.

Macho yakakutana. Ndoo ikaanguka.

"Anamuuaaa!" Sauti ile ilipanda ngazi zote tatu. "Tokeni! Anamuua dada Futi!"

Milango ikafunguka juu. Ngumi zikaanza kupiga mlango wa korido, kitasa kikatikiswa.

"Ondokeni!" Injinia alinguruma. "Haya ni mambo ya mtu na mke wake!"

"Mke gani?" Spika akamjibu, uso kwenye kioo pale penye tundu. "Kadi nimepewa mimi pia, harusi bado! Fungua, mwoga wewe!"

"Kaingilieni mambo yenu!"

"Ndiyo haya!"

Kisha kimya. Vishindo vya miguu vikaondoka koridoni, kandambili nyingi, zikapotea. Futi alisikia zikipotea, na tumaini likaenda nazo. Injinia akamgeuza, akamkandamiza ukutani kando ya kabati, mkono shingoni.

"Umewaona? Wameondoka. Watu wote huondoka. Nani amebaki na wewe? Sema."

Hakuweza kusema. Pumzi ilikuwa haipiti. Aliyaona macho yale yale yaliyomtazama siku ya kupima ukuta, yana machozi sasa. Yanamwonea huruma! Ndilo lililomtisha kuliko vyote, kwamba mtu anaweza kukuua huku anakulilia.

Nyuma ya kabati komeo likalia. Kraa.

"Wote!" ilikuwa sauti ya Spika, uani. "Mabega! Moja! Mbili!"

Kabati likashtuka. Vitabu viwili vikaanguka.

"Tena! Moja! Mbili!"

Likatoka ukutani upana wa kiganja, likainamia mbele, zito, mbao ngumu kutoka sakafuni mpaka darini, linamwelekea Injinia usoni. Naye akafanya ambalo mtu yeyote angefanya. Aliinua mikono yote miwili alizuie.

Yaani aliachia.

Futi aliteleza chini ya kwapa lake. Hakuangalia nyuma. Alisikia kishindo, akasikia mtu akilia "mkono wangu!", kisha akasikia kandambili zikipanda juu ya mgongo wa kabati kama mvua juu ya bati. Wasichana ishirini, thelathini, wengine na taulo kichwani, mmoja ameshika pasi. Wakamzunguka. Ikawa duara, na yeye katikati.

Injinia alijikokota kutoka chini ya ubao, mkono mmoja umelegea. Akayaona macho yale yote. Akapiga magoti.

"Nisamehe," akalia. "Mpenzi wangu, unaona unavyonifanya kichaa? Ni mapenzi. Wiki mbili tu zimebaki. Usiniaibishe. Niangalie basi."

Nisidanganye, maana uongo hauokoi mtoto wa mtu. Futi alimwangalia. Na moyo wake, huo huo uliokuwa unadunda kwa hofu, uliruka kidogo kumwendea. Alitaka kumfuta machozi. Mguu ukasogea hatua.

Spika hakumshika. Alimwambia tu, polepole, sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo, "Dada, shingo yako ina vidole vitano."

Futi akajigusa shingo. Mguu ukarudi.

Mzee Randa alifika akihema, mkate mkononi. Alimtazama binti, akalitazama kabati lililolala, akachomoa kitu ukutani. Kilikuwa skrubu iliyopinda.

"Nane nilizisikia," alisema. "Nilitia mbili. Nilijua mlango utaudai wewe mwenyewe kabla ya ufunguzi. Sikujua utaudai hivi."

Mama alikuja na nguo za kazini, sindano bado imechomekwa kwenye ukosi. Hakusema nilikuambia. Alimpeleka hospitali, wakapitia kituo cha polisi wakaandikisha maelezo, na ile futi yenye damu ikabaki kwa askari ndani ya bahasha. Nyumbani akamkanda kwa maji ya chumvi. Mikono iliyoweza kupitisha uzi kwenye tundu la sindano bila miwani ilikuwa haiwezi kukamua kitambaa.

Simu ikalia. Shangazi.

"Mwanangu, nimesikia. Pole. Lakini mwanamume asiyekuonea wivu, hakupendi. Kadi zimeshafika kwa watu, tutaziokotaje? Msamehe, ataacha."

Mama akaichukua simu. "Wifi, watoto wa watu wamevunja kabati wakamtoa. Wewe unataka nimrudishe ndani, nikalisimamishe tena?" Akakata.

Futi alikuwa anatazama dari. "Mama. Nikimrudia, utanikataza?"

Mama alikitia kitambaa majini tena.

"Wewe ni mtu mzima, sina kamba ya kukufunga. Nitakuja tu kukaa kizingitini kwako. Mchana na usiku. Watu watasema yule mama ana wazimu. Waseme."

Asubuhi Futi akaenda kazini. Jicho moja lilikuwa limefumba, mbavu zimefungwa, lakini ufunguzi ni ufunguzi, na ukumbi ulikuwa wake. Kabati lilishatolewa. Mlango wa uani ulikuwa wazi kabisa, jua limeingia mpaka katikati ya sakafu. Futi hakuwa na kipimo, hivyo akapima pale palipokuwa na kabati kwa shubiri, akawaambia wasichana wasogeze makochi. Mama akavalisha mito foronya zake. Kochi lenye doa la damu wasichana walikataa lisifichwe. Wakaliacha palepale.

Saa nne mlango wa korido ukafunguliwa. Shangazi alitangulia, na nyuma yake Injinia, mkono kwenye bandeji, shati limepigwa pasi. Askari wa getini walimjua kama msimamizi, hakuna aliyewaambia jingine. Mama akainuka, mto kifuani kama ngao.

"Tunaomba tuongee pembeni," alisema shangazi. "Mambo ya familia."

"Humu hamna pembeni, shangazi," Futi akajibu. "Nilipapanga hivyo. Semeni hapa."

Injinia akamsogelea. Alikuwa amenyoa. Alikuwa mzuri, Mungu amsamehe, mzuri kama siku ile ya ukuta.

"Nimeitwa kituoni alasiri," alinong'ona. "Nenda kafute yale maneno. Neno lako moja tu, wataniachia. Nifanyie hicho. Nijue bado nimo moyoni mwako."

Ilikuwa sauti ile ile ya kidevu begani. Futi akaitambua, na safari hii akaisikia mpaka mwisho wake.

"Kufuta?" alisema. "Nilishakufutia mara moja."

Akavua pete. Haikutoka haraka, kidole kilikuwa kimevimba, akaizungusha mbele ya watu wote mpaka ikatoka na ngozi. Akaiweka kwenye kiganja cha shangazi.

Uso wa Injinia ukabadilika, wote wakauona. Mkono usio na bandeji ukainuka. Wasichana wakasimama, viti vyote kwa pamoja. Ukashuka.

Akageuka, akatoka kwa hasira, akaushika mlango wa korido akaubamiza kwa nguvu zake zote.

Mlango ukakataa. Kile kimkono cha chuma kikaushika. Akausukuma, kikagoma. Akauvuta kwa mkono wake mmoja, uso umemwiva, na kupitia kioo kisicho na gazeti hata moja ukumbi mzima ulimwona mwanamume mzima akigombana na mlango. Hakuna aliyecheka. Mwisho akauacha, akaenda, na mlango ukaja wenyewe, taratibu, taratibu, ukajifunga kwa mlio mdogo kama wa kifungo kikiingia tunduni.

Shangazi aliketi kwenye kochi lililo karibu, pete kiganjani, asijue aitie wapi.

Mama aliuweka mto chini, akatafuta mahali pa kukaa. Akapita kochi hili, akapita lile, mpaka akafika kwenye kiti kinachotazama milango yote miwili. Akakaa. Spika alimletea chai, akamwambia, "Mama, ameshaondoka. Pumzika."

"Napumzika, mwanangu," alisema mama.

Chai ikapoa mkononi. Alikaa pale mpaka ufunguzi ukaisha na viti vikapangwa upya, akitazama mlango wa korido, kisha wa uani, kisha wa korido.